Moyo Huhesabu Miaka: Mhadhara kuhusu Kolesteroli Tunayorithi



Nimeombwa nizungumzie kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, na nafasi ya urithi katika maradhi ya moyo. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu jambo hili limezungukwa na kauli mbili zinazosikika kila siku, na zote mbili zinawaponza watu. Ya kwanza inadai kwamba kolesteroli ni ugonjwa wa wenye nazo: wanene, wapanda magari, wala nyama choma. Mwembamba anayekula ugali na dagaa haimhusu. Ya pili inadai kwamba ugonjwa wa moyo "umo kwenye damu ya ukoo wetu", kwa hiyo hakuna la kufanya. Kauli ya kwanza humnyima mgonjwa mwembamba kipimo. Ya pili humnyima dawa.

Hoja yangu leo ni moja. Utafiti wa jeni wa miaka 50 iliyopita umetufundisha kwamba moyo huhesabu miaka. Kinachoziba mishipa ni kiasi cha kolesteroli mbaya pamoja na muda ambao mtu ameishi nayo. Aliyerithi kiwango cha juu huanza kuhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na kumtambua akiwa bado mtoto humwokolea miongo ya maisha. Nitaonyesha jambo hilo lilivyogunduliwa. Nitaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka katika miili ya watu weusi, wa Marekani na wa Zimbabwe, na kwamba hilo ni deni ambalo bado halijalipwa.

Mafuta yanavyosafiri katika damu

Kolesteroli yenyewe si sumu. Kila seli huihitaji ili kujenga utando wake wa nje. Ini huitumia kutengeneza nyongo, na homoni za uzazi hutokana nayo. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe. Chakula huongeza juu yake. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuacha mayai na nyama kabisa na bado akawa na kiwango cha juu.

Kwa kuwa mafuta hayayeyuki katika damu, kolesteroli hufungashwa ndani ya vichembe vyenye protini. Vichembe vinavyotuhusu zaidi leo huitwa LDL, na kolesteroli iliyomo ndiyo ile niliyoiita mbaya. Vikizidi, hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Seli za kinga huvifuata na kuvimeza mpaka zikavimba kwa mafuta, zikafa, na mabaki yao yakajenga uvimbe ndani ya ukuta. Kazi hii huchukua miongo ya miaka na haina maumivu. Kisha siku moja uvimbe hupasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni. Msibani tunaambiana kwamba marehemu alikuwa mzima hadi jana. Kwa kweli ugonjwa wake huenda ulikuwa na umri wa miaka 30.

Familia zenye vinundu

Mwaka 1938 daktari wa Norwei, Carl Müller, alieleza familia ambazo ndani yake mambo matatu yalifuatana: vinundu vya mafuta kwenye kano, kolesteroli ya juu katika damu, na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Yalipita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1964 Avedis Khachadurian, aliyefanya kazi Beirut, alichunguza koo za Lebanoni ambamo ndugu huoana, akaona kwamba ugonjwa huu una ngazi mbili. Aliyerithi hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja huwa na kolesteroli ya juu, na moyo humsumbua katika umri wa kati. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na kiwango cha juu mno, na anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa bado mtoto.

Watoto wa namna hiyo ndio waliowashughulisha madaktari vijana wawili wa Kimarekani, Michael Brown na Joseph Goldstein. Walipohamia Dallas, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walichukua vipande vidogo vya ngozi, wakaotesha seli zake kwenye sahani za maabara, na kuzipa LDL iliyotiwa alama ya iodini yenye mionzi ili waone inakwenda wapi. Seli za mtu mwenye afya ziliishika LDL na kuivuta ndani. Ndani ya seli, LDL ile ilipofika, mashine ya kutengeneza kolesteroli mpya ilipunguza kasi, kwa kuwa mahitaji yalikuwa yametimizwa. Seli za watoto wagonjwa hazikushika kitu. LDL ilielea pembeni, nazo seli ziliendelea kutengeneza kolesteroli yao kana kwamba hakuna hata tone lililoko nje.

Kilichokosekana ni protini ya juu ya seli, kipokezi cha LDL. Seli za ini ndizo zinazobeba vingi zaidi. Kipokezi hufanya kazi kama mchukuzi wa bandarini: hushika mzigo, huupeleka ndani, huushusha, kisha hurudi gatini kuchukua mwingine, safari baada ya safari, kila moja ikichukua dakika 10 hivi. Jeni inayotoa maelekezo ya kukitengeneza iko kwenye kromosomu ya 19. Tuna nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, vipokezi vinavyofanya kazi hupungua kwa nusu na LDL hurundikana katika damu. Brown na Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Tangu hapo yamepatikana mabadiliko zaidi ya 2,000 tofauti katika jeni hiyo moja.

Duniani kote, mtu mmoja kati ya 300 hivi ana hali hii ya kurithi nakala moja mbovu. Kwa jamii nyingine ni zaidi. Makaburu wa Afrika Kusini wametokana na walowezi wachache waliofika Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1652, wengi wao kutoka Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani. Miongoni mwa wahenga hao walikuwamo waliobeba jeni yenye hitilafu. Uzao wao ukaongezeka ndani ya jamii iliyooana yenyewe kwa yenyewe, na leo kwa Makaburu hali hii humpata mtu mmoja kati ya 80 hivi. Mabadiliko matatu tu ya jeni yanaeleza sehemu kubwa ya wagonjwa hao. Hakuna chakula kinachoweza kueleza jambo kama hilo. Limetoka kwa wahenga.

Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye hali hii hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufikisha miaka 50, na wanawake wapatao 30 kati ya 100 kabla ya miaka 60. Wengi wao ni wembamba. Wengi hawavuti sigara. Wamefanya kila walichoambiwa isipokuwa kupimwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia wapimwe.

Waliozaliwa na kolesteroli ndogo

Kwa miaka mingi tuliwasoma waliorithi hasara. Somo kubwa zaidi lilikuja tulipowasoma waliorithi faida.

Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, wakiongozwa na Catherine Boileau, wakishirikiana na Nabil Seidah wa Montreal, walichunguza familia zenye kolesteroli ya juu ambazo kipokezi chao cha LDL kilikuwa kizima. Walikuta hitilafu katika jeni nyingine iitwayo PCSK9. Baadaye kazi yake ikaeleweka. Protini ya PCSK9 hujishikiza kwenye kipokezi, na kipokezi kilichoshikwa nayo hakirudi tena juu ya seli, huvunjwa. Katika familia zile PCSK9 ilifanya kazi kupita kiasi, vipokezi vikapungua, LDL ikapanda.

Kule Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen walijiuliza swali la kinyume: je, wapo watu ambao PCSK9 yao haifanyi kazi? Walikuwa na utafiti wa moyo uliowashirikisha maelfu ya wakazi wa Dallas, karibu nusu yao wakiwa Wamarekani weusi. Uamuzi huo wa kuwashirikisha watu weusi kwa wingi ndio uliofungua njia. Walichagua waliokuwa na LDL ya chini sana, wakasoma jeni zao, na mwaka 2005 wakatangaza mabadiliko mawili yanayokata maelekezo ya PCSK9 katikati, protini isikamilike. Kwa Wamarekani weusi yalionekana kwa mtu mmoja kati ya 50 hivi. Kwa weupe yalikuwa nadra mno.

Mwaka uliofuata walirudi na ushahidi wa moyo wenyewe. Katika utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, watu weusi 3,363 walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 15. Waliobeba mabadiliko hayo walikuwa 2.6 kwa kila 100. LDL yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao. Lakini hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Na hii ilikuwa katika kundi ambalo wengi walikuwa na shinikizo la damu, wengine kisukari, wengine wakivuta sigara. Miongoni mwa weupe, badiliko jingine dogo la PCSK9 lilishusha LDL kwa asilimia 15, na hatari ikashuka kwa asilimia 47.

Naomba mzitafakari tarakimu hizo. Dawa ikishusha LDL ya mtu mzima kwa milimoli 1 kwa lita, hatari yake katika miaka michache ifuatayo hupungua kwa asilimia 20 hivi. Faida hiyo ni kubwa na imethibitishwa mara nyingi. Lakini waliozaliwa na upungufu wa kadiri hiyohiyo walikingwa zaidi ya hapo kwa mbali. Tofauti yao ni muda. Mgonjwa wetu huanza dawa akiwa na miaka 55, ukuta wa ateri ukiwa umeshajaa. Wao walianza tumboni mwa mama. Hapo ndipo tulipojua kwa hakika kwamba moyo huhesabu miaka.

Palikuwa na hofu moja. Je, mwili usio na PCSK9 kabisa unaweza kuishi vizuri? Jibu moja lilitoka Zimbabwe. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa wanawake weusi 653 waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito. Karibu 4 kati ya kila 100 walibeba mojawapo ya mabadiliko yaleyale ya Dallas, na LDL yao ilikuwa pungufu kwa robo. Mmoja wao, msichana wa miaka 21, alikuwa amelirithi kutoka kwa baba na mama. LDL yake ilikuwa milimoli 0.4 kwa lita, kiwango ambacho daktari akikiona kwenye karatasi ya maabara atadhani mashine imekosea. Alikuwa mzima. Dallas nako alipatikana mwanamke mwenye nakala mbili mbovu za PCSK9, mwenye watoto wawili, mwenye afya njema na LDL ya chini vilevile.

Kutokana na miili hiyo zilitengenezwa dawa. Mwaka 2015 sindano mbili zinazoizuia PCSK9 ziliidhinishwa Marekani na Ulaya. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio la mojawapo kwa wagonjwa 27,564 yalionyesha LDL ikishuka kwa asilimia 59, na mishtuko ya moyo na viharusi vikipungua. Mwishoni mwa mwaka 2020 Ulaya iliidhinisha nyingine inayochomwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Ni mafanikio ya fahari. Lakini bei yake iko mbali kabisa na mwananchi wa kawaida wa Harare au Mbeya. Sehemu ya ujuzi ilichukuliwa katika kliniki za wajawazito wa Kiafrika. Dawa iliyozaliwa na ujuzi huo haijarudi kwao. Nasema hili bila kumtukana mtafiti yeyote, kwa sababu walifanya kazi ya kweli. Nalisema kwa kuwa haki inadai lisemwe.

Jeni moja, maisha tofauti

Sasa niseme na wale wanaoamini kwamba urithi ni hukumu.

Wapo Waholanzi waliofuatilia ukoo mmoja kwa karne mbili. Walianza na wagonjwa wa leo wenye kolesteroli ya kurithi, wakarudi nyuma kwa vitabu vya vizazi na vifo hadi kwa mume na mke mmoja wa zamani. Kisha wakahesabu vifo vya waliobeba jeni ile katika kila kipindi. Katika karne ya 19 hawakufa zaidi ya Waholanzi wengine. Vifo viliongezeka katika karne ya 20, vikafika kileleni katikati ya karne hiyo, kisha vikapungua. Jeni ilikuwa ileile, nchi ileile, familia ileile. Kilichobadilika ni chakula, sigara na kazi ya kukaa.

Habari kama hiyo ipo kwa Wachina. Waliorithi hitilafu za kipokezi cha LDL wakaishi China walikutwa na LDL ya chini kuliko Wachina wenye hitilafu za namna hiyohiyo waliohamia Kanada. Wengi wa wale wa China hawakuwa hata na vinundu. Mazingira yaliwasitiri.

Hapa kwetu pia tuna ushahidi. Wilayani Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa, watafiti wa Italia na wenzao walilinganisha wanavijiji wanaokula samaki wa ziwani karibu kila siku na wengine wa milimani, eneo la Lugalawa, ambao mlo wao ni nafaka na mboga. Ni watu wenye asili moja, wanaishi jirani, na wote wanafanya kazi za jembe au nyavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta mazuri zaidi katika damu. Wamasai nao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walimshangaza daktari wa Kimarekani George Mann. Walikunywa maziwa kwa wingi na kula nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa ya chini. Alipochunguza baadaye mioyo ya marehemu wa Kimasai, aliona kwamba mafuta yalikuwamo ndani ya kuta za ateri, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na alihusisha upana huo na mwendo wao wa kila siku. Miaka ya karibuni wachunguzi wa jeni wa Wamasai wa Kenya wameona dalili kwamba vizazi vya wafugaji vimechaguliwa na mazingira katika sehemu za jeni zinazohusika na maziwa na mafuta. Kutembea kunahusika, na pengine urithi pia.

Kwa nini nakaa sana hapa? Kwa sababu miji yetu inapita leo mahali Uholanzi ilipopita karne iliyopita. Bibi aliyebeba jeni mbovu huko Ludewa au Webuye huenda alilima hadi uzee, jeni ikatulia. Mjukuu wake anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, anayekula chipsi mayai jioni na kupanda bodaboda hadi mlangoni, ana jeni ileile bila sitara ile. Anapoanguka akiwa na miaka 42, wazee husema ukoo huu haukuwa na ugonjwa wa moyo. Wanasema kweli kuhusu ugonjwa. Jeni ilikuwapo.

Tofauti ndogondogo, na yale ya kwetu

Si kila kolesteroli ya juu ya kurithi inatokana na hitilafu moja kubwa. Watu wengi wamerithi tofauti ndogondogo kwa mamia, kila moja ikipandisha au kushusha kidogo. Mojawapo inayojulikana sana ni ya jeni ya APOE. Toleo lake liitwalo namba 4 huongeza LDL, na katika jamii nyingi za Kiafrika toleo hilo ni la kawaida kuliko Ulaya.

Nyingine ni lipoprotini(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Ni LDL iliyofungwa protini ya ziada, na huchochea uvimbe wa mishipa ya moyo pamoja na ugumu wa vali. Kiwango chake kwa sehemu kubwa huamuliwa na jeni moja, kwa hiyo kipimo kimoja cha utu uzima hutosha kwa watu wengi. Watu wenye asili ya Afrika wana viwango vya juu, kwa wastani mara mbili hadi tatu ya Wazungu. Hata hivyo ni wachache mno kati yetu waliowahi kuambiwa kwamba kitu hicho kipo.

Leo kuna hesabu zinazojumlisha tofauti zote ndogo na kumpa mtu alama moja ya hatari. Zimejengwa hasa kwa data za Wazungu, na zikiletwa kwetu hupotea njia. Wanasayansi wa Kiafrika wamelikabili tatizo hilo. Kutoka eneo la Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, zilichunguzwa jeni za watu wapatao 6,400, na mwaka 2019 matokeo yake yakaonyesha tofauti nyingi ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba hesabu ya mafuta ya damu iliyotengenezwa kwa data za Wamarekani weusi iliwafaa Wazulu wa Afrika Kusini kuliko Waganda. Waafrika tunatofautiana sana sisi kwa sisi. Data ya Kampala haiwezi kusimama badala ya ya Tabora, wala ya Lagos badala ya ya Lamu. Kila nchi ina wajibu wa kuchunguza watu wake, kwa idhini yao na kwa faida yao.

Tunachoweza kufanya sasa

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kusubiri maabara za jeni ili tuanze. Kolesteroli ya kurithi hutambuliwa kwa maswali, macho, vidole na kipimo cha kawaida cha mafuta ya damu.

Nawaomba madaktari na wauguzi mnaonisikiliza: mgonjwa akifika, shikeni kano iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino. Ya kawaida ni nyembamba na ina kingo zinazoshikika. Ikiwa nene, yenye mafundo, ulizeni zaidi. Mwambieni akunje ngumi, tazameni kano za mgongo wa mkono. Tazameni jicho: duara ya kijivu kuzunguka sehemu nyeusi kabla ya umri wa miaka 45 ni dalili. Kisha someni karatasi ya maabara. LDL inayozidi milimoli 4.9 kwa lita kwa mtu mzima, au milimoli 4 kwa mtoto ambaye mzazi wake aliugua moyo mapema, inadai maelezo. Ondoeni kwanza sababu nyingine kama tezi dundumio iliyolegea, ugonjwa wa figo na kisukari. Zikikosekana, fikirieni urithi.

Dawa ya msingi ipo. Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, baada ya kupima maelfu ya kuvu, alipata katika kuvu ya mchele kemikali inayozuia mwili kutengeneza kolesteroli. Kutoka hapo zilizaliwa statini, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ini likikosa kolesteroli yake huongeza vipokezi, na LDL hutolewa katika damu. Mwaka 1994 jaribio la nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 lilionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 30. Statini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na vidonge vyake visivyo vya jina la kampuni vinauzwa katika maduka ya dawa ya miji yetu. Hunywewa kwa ushauri wa daktari, na mwanamke anayepanga kubeba mimba azungumze naye kwanza.

Na sasa kuhusu watoto. Uholanzi, watoto 214 wenye kolesteroli ya kurithi walianzishiwa statini na kufuatiliwa kwa miaka 20. Walipofika umri wa miaka 39, mmoja tu kati ya 100 alikuwa amepata tatizo la moyo au mishipa. Wazazi wao waliobeba jeni ileile, ambao wakiwa watoto hawakuwa na dawa hiyo, walikuwa wamepata matatizo hayo 26 kati ya 100 katika umri uleule. Hakuna mtoto yeyote aliyekufa kwa moyo. Kati ya wazazi, 7 kwa kila 100 walikuwa wamekufa kwa moyo. Mzazi na mwana, jeni moja, dawa ileile ya bei nafuu, ila mmoja aliipata kabla ya miaka kurundikana.

Ndiyo maana nasema kwamba mgonjwa mmoja akipatikana, ukoo mzima umepatikana. Kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na kila ndugu yake wa baba na mama mmoja vilevile. Waholanzi walifanya hivyo tangu mwaka 1994, wakifuata ukoo mmoja baada ya mwingine, na wakapata maelfu ya watu ambao hawakujijua. Sisi tuna faida ambayo wao hawakuwa nayo: tunajuana. Shangazi anajua binamu wako wapi, nani alifia shambani akishika kifua, nani alizikwa kabla ya kuoza binti. Ujuzi huo wa wazee wetu ni kipimo cha kitabibu, na hauna gharama. Kwa zile koo ambamo mabinamu huoana, kama ilivyo katika sehemu za pwani yetu na Omani, upimaji ni wa lazima zaidi, ili mtoto asirithi hitilafu ileile kutoka pande zote mbili bila mtu kujua. Hili halimvunjii mtu heshima wala mila, linamlinda mtoto.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Wizara zetu ziingize kipimo cha mafuta ya damu katika vifurushi vya bima kwa yeyote ambaye mzazi au ndugu yake aliugua moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume, au 60 kwa mwanamke. Hospitali zetu za moyo zifungue daftari la koo zenye kolesteroli ya kurithi na kuwaita ndugu. Serikali zetu, zinapojadiliana na kampuni za dawa, zikumbushe kwamba njia ya dawa hizi ilipita katika miili ya Waafrika na watoto wa Waafrika, na zidai bei inayolingana na ukweli huo. Na watafiti wetu wapewe fedha za kuchunguza jeni za watu wetu, matokeo yarudi vijijini yalikotoka.

Kwenu ninyi mliokaa hapa, ombi langu ni dogo. Mkifika nyumbani, waulizeni wazee kuhusu waliotangulia: nani alikufa ghafla, akiwa na umri gani, na nani katika watoto wake yu hai. Andikeni majina. Hao walio hai ndio wa kupimwa, na wa kwanza wao ni watoto, kwa sababu wao ndio wenye miaka mingi zaidi ya kuokolewa.